Magari ya mseto yamekwisha fika, elimu yake iko wapi?



Nimeombwa nizungumze juu ya magari yanayoitwa haibridi. Nimekubali bila kusita, kwa sababu jambo hili linatugusa sisi tuliomo humu ndani kuliko linavyowagusa matajiri. Tajiri hununua gari jipya, nalo likimshinda huliuza. Mtumishi na mwalimu hununua gari lililokwisha kutumika Japani. Hulinunua kwa mkopo, na mkopo huo hukatwa katika mshahara wake miaka kadhaa, hata pengine baada ya gari lenyewe kupandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Anayenunua kwa jasho la namna hiyo ana haki ya kujua anachokinunua.

Miongoni mwa magari yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam siku hizi, mengi yamebandikwa nyuma neno hilo moja la kigeni. Mnunuzi akiuliza maana yake, dalali humwambia kwamba gari hilo "linatumia umeme" na kwamba "halili mafuta". La kwanza ni nusu ya ukweli. La pili si kweli hata kidogo.

Kwanza nilizungumzie jina, maana lugha yetu haikosi maneno. Wakulima wetu wanazijua mbegu chotara za mahindi, na wako wanaopenda kusema gari chotara au gari mahuluti. Mimi nitasema gari la mseto. Mseto wa mchele na choroko kila mtu ameula: vitu viwili vimepikwa katika chungu kimoja, na mlaji havitenganishi tena. Ndivyo lilivyo gari hili. Lina injini ya petroli, lina na mota ya umeme, na vyote viwili vinayazungusha magurudumu yale yale, mara kwa zamu, mara kwa pamoja.

Fikra yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1900, Ferdinand Porsche, akifanya kazi kwa Lohner, mtengenezaji wa magari ya farasi mjini Vienna, aliunda gari ambalo injini zake za petroli zilizungusha jenereta, na umeme wa jenereta ukaziendesha mota zilizofichwa ndani ya magurudumu. Gari hilo lilikuwa zito na la bei kubwa. Petroli ikawa rahisi, Henry Ford akaanza kuuza magari ya bei nafuu mwaka 1908, na mseto ukasahauliwa barabarani. Katika reli haukusahauliwa kabisa. Vichwa vya treni vya dizeli-umeme vilivyovuta mabehewa katika reli yetu ya kati kwa miaka mingi vina asili hiyo hiyo: dizeli huzungusha jenereta, umeme huzungusha magurudumu. Upungufu wake ni kwamba havina betri ya kuhifadhi nguvu inayopotea wakati wa kufunga breki, na hapo ndipo ilipo siri ya gari la leo.

Vita vya Mashariki ya Kati vya mwaka 1973 viliifanya bei ya mafuta ipande kiasi cha mara nne katika miezi michache. Mataifa yaliyozoea kuyachoma mafuta kama maji ya mtoni yakaanza kuhesabu matone. Hata hivyo ilichukua miaka 20 kabla ya kampuni ya Toyota, mwaka 1993, kuwakusanya wahandisi chini ya Takeshi Uchiyamada na kuwataka watengeneze gari la karne ya 21. Desemba 1997 gari hilo, Prius, likaanza kuuzwa Japani, na mwaka 2000 likavuka bahari. Wengi walilicheka. Bei za mafuta zilipopaa mwaka 2008, kicheko kikakoma. Mwaka 2009 Prius likawa ndilo gari lililouzwa kuliko mengine yote nchini Japani. Toyota ilifikisha magari ya mseto milioni 1 mwaka 2007, na milioni 10 mwanzoni mwa mwaka 2017. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mwaka 2024, karibu magari 31 katika kila magari mapya 100 yalikuwa ya mseto, ingawa hesabu hiyo inajumuisha hata yale yenye mota ndogo ambayo huisaidia injini kidogo tu. Na kule Marekani, Camry, gari la familia linalojulikana sana, kuanzia toleo la mwaka 2025 haliuzwi tena ila la mseto.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Chukueni gari dogo lenye uzito wa kilo 1,300, likienda mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Injini ya kawaida ya petroli hugeuza kiasi cha robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Iliyobaki inapotea kwa joto. Ili kulifikisha gari hilo katika mwendo huo, injini itaunguza petroli inayojaza kijiko kimoja cha chakula. Mwalimu yeyote wa fizikia aliyepo hapa anaweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni kwa dakika mbili. Taa nyekundu inawaka. Dereva anakanyaga breki, chuma kinasugua chuma na kupata moto, na kile kijiko cha petroli kimekwenda hewani. Akisimama hivyo mara 60 kati ya nyumbani na ofisini, kwenda na kurudi, amemwaga karibu lita nzima, na hapo hatujataja petroli inayoungua wakati gari limesimama tu katika msongamano likinguruma bila kwenda popote.

Gari la mseto huzuia upotevu huo kwa kutumia tabia moja ya mota ya umeme ambayo injini haina: ukiipa umeme, huzunguka, ukiizungusha, hutoa umeme. Jambo hilo alilionyesha Michael Faraday mwaka 1831, na watoto wetu wa sekondari wanafundishwa. Dereva anapokanyaga breki taratibu, magurudumu huizungusha mota, mota hugeuka jenereta, ukinzani wake hulipunguza gari mwendo, na umeme unaopatikana huingia katika betri. Taa ikiwa ya kijani, umeme ule ule hulisukuma gari liondoke, na injini hubaki imezimwa mpaka mwendo au mlima uiite. Hairudi nguvu yote iliyopotea, lakini hurudi sehemu ya kutosha kuonekana mfukoni.

Hapa ndipo dalali anapokosea. Umeme wote huo umetoka katika petroli. Gari la namna hii halichomekwi ukutani. Yapo mengine ya mseto yanayochomekwa, lakini mengi ya yale yanayotufikia siyo hayo. Na betri yake, ambayo watu huiogopa kama jini, ni ndogo kwa kiasi cha kushangaza. Betri ya Prius la kizazi cha pili, lililotoka mwaka 2003, ina seli 168 za aina ya nikeli, kila moja ya volti 1.2, jumla volti 201.6. Ikijaa kabisa, imebeba kama kilowati-saa 1.3. Lita moja ya petroli ina kilowati-saa 9 hivi. Maana yake ni kwamba betri nzima, iliyochukua nafasi kubwa nyuma ya kiti na yenye bei ya kumnyima mtu usingizi, imebeba nguvu isiyofikia petroli ya kikombe kimoja cha chai. Si ghala, ni mkoba wa kuwekea chenji.

Ufundi mwingine umo katika gia. Katika magari ya Prius ya mwanzo kuna gia ya katikati inayoitwa jua, gia ndogo zinazoizunguka zinazoitwa sayari, na pete kubwa yenye meno kwa ndani inayozikumbatia zote. Injini imefungwa katika kibebeo cha sayari, mota moja katika jua, na mota ya pili pamoja na magurudumu katika pete. Kompyuta, kwa kuharakisha au kuchelewesha ile mota ya jua, huamua ni kiasi gani cha nguvu ya injini kiende magurudumuni moja kwa moja, na kiasi gani kigeuzwe umeme kwanza. Hakuna klachi, hakuna stata ya kawaida, wala alteneta. Fundi aliyezoea kuvitafuta vitu hivyo atatafuta mpaka jioni.

Injini yenyewe nayo imebadilishwa. Inafuata mawazo ya Mwingereza James Atkinson ya mwaka 1882: valvu ya kuingiza hewa huchelewa kufungwa, hivyo gesi hupanuka kwa urefu kuliko ilivyokandamizwa, na kila tone hutoa kazi zaidi. Injini ya namna hiyo ni dhaifu wakati wa kuondoka, ndiyo maana peke yake isingefaa sana katika gari. Lakini mota ya umeme ina nguvu hasa wakati wa kuondoka. Kilema amembeba kipofu, wote wawili wamefika. Injini ya Prius lililotolewa mwaka 2015 ilifikia kugeuza asilimia 40 ya nguvu ya mafuta kuwa kazi.

Faida hii si sawa kila mahali, na yatupasa tuseme kweli. Gari la mseto ni gari la mjini. Katika barabara ya Morogoro saa moja na nusu asubuhi, pale Ubungo, linaonyesha thamani yake. Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa mwendo mmoja, akishika breki mara chache, atapata nafuu ndogo zaidi. Anaposhuka Kitonga wakati wa kurudi, ule mkoba mdogo wa betri utajaa kabla hajafika chini, na tangu hapo kazi yote inabaki kwa breki za kawaida. Kwa sababu hiyo Prius na mengi ya ndugu zake yamewekewa herufi B katika mkono wa gia, ili injini isaidie kulizuia gari mteremkoni. Nimewauliza wenye magari hayo maana ya herufi hiyo. Wengi hawajapata kuigusa. Aidha, msidanganyike na tarakimu za vitabuni. Gari la Aqua lilipotoka Desemba 2011, Wajapani waliliandikia kilomita 35.4 kwa lita, kwa kipimo cha maabara. Barabara zetu si maabara.

Pamoja na hayo, taifa lina sababu ya kulitazama jambo hili. Petroli yote tunayoichoma tunainunua nje kwa fedha za kigeni. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni kiliacha kusafisha mafuta zaidi ya miaka 20 iliyopita, leo kinahifadhi. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya themanini mwanzoni, magari binafsi yalipozuiwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Sisi tulio vijana tunakumbuka mwaka 2022, bei ya lita ilipovuka shilingi 3,000 na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni peke yake. Fedha ya namna hiyo ingejenga madarasa mangapi, walimu mnajua kuhesabu kuliko mimi.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie gesi yetu wenyewe ya Songosongo. Swali ni halali, na kwa dereva wa teksi wa Dar es Salaam huenda gesi ikawa jibu bora kuliko mseto. Lakini vituo vingi vya gesi viko Dar es Salaam na jirani zake, na mwalimu wa Sumbawanga hawezi kuishi kwa ahadi. Gari la mseto linajaza mafuta katika pampu ile ile iliyopo leo.

Ndugu zangu, kinachonitia wasiwasi kuhusu gari hili ni wakati linapotufikia, na mikono linayoangukia.

Watengenezaji nchini Marekani wametoa dhamana ya betri kubwa kwa miaka 8 au zaidi. Sisi hulipokea gari likiwa na umri wa miaka hiyo hiyo. Aliyelitumia kwanza amekula miaka minono, nasi tunanunua mifupa kwa bei ya nyama. Ushuru wetu wa uchakavu unaotozwa magari yaliyozeeka ni hatua ya haki, lakini kwa gari la mseto nadhani umri ungepaswa kutazamwa kwa ukali zaidi, na gari lisishushwe bila cheti cha kupimwa betri. Jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2021 kwa kuyasamehe kodi magari ya mseto. Mwaka 2025 wakabadili, wakaweka ushuru unaopanda kwa kadiri ya umri wa gari. Sioni aibu kujifunza kutoka kwao.

Nakuja kwenye mikono. Nimekwenda katika gereji moja ya uchochoroni nikamkuta kijana hodari, mwenye kusikia ugonjwa wa injini ya kawaida kwa sikio tu, akishughulikia gari la mseto kwa bisibisi na waya wa kupimia taa. Mikono mitupu. Kijana huyo amezoea volti 12, ambazo hazimuui mtu. Pembeni yake zilipita nyaya za rangi ya machungwa, na rangi hiyo haikuwekwa kwa urembo. Katika Prius la mwaka 2003, zile volti 201 za betri hupandishwa hadi 500 kabla ya kwenda kwenye mota. Umeme wa majumbani mwetu ni 230. Kabla ya kugusa chochote cha rangi hiyo, fundi hana budi kuzima gari, kuuweka ufunguo mbali, kuchomoa plagi maalumu ya usalama iliyoko kwenye betri akiwa amevaa glavu za mpira za kazi ya umeme, kisha kungoja dakika kama 10 ili umeme uliobaki ndani ya inveta uishe. Nilipomweleza, alicheka kwa adabu na kusema: "Kaka, mteja anangoja."

Kutojua huko kuna gharama ya pili, ambayo hailazi mtu hospitali bali humfilisi. Gari la mseto lina betri mbili: kubwa niliyoieleza, na ndogo ya kawaida ya volti 12 inayoiamsha kompyuta. Ile ndogo ikifa, gari zima hukaa kimya kama limekufa. Fundi asiyejua, au ajuaye sana, humwambia mwalimu kwamba betri kubwa imekwisha, alete milioni kadhaa. Vile vile, betri kubwa ikidhoofika aghalabu huwa ni visanduku vichache vya seli kati ya vyote, navyo vinaweza kupimwa kimoja kimoja. Lakini kubadilisha kibovu kwa kingine kilichookotwa bila kuvilinganisha nguvu ni kuahirisha msiba kwa miezi michache.

Dawa yake ni elimu, na isiishie Dar es Salaam. VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji ndivyo vyombo vyetu. Mafunzo ya magari haya yapelekwe hadi mikoani, tena yawe mafupi na ya jioni, ili kijana wa gereji asilazimike kuacha riziki yake. Askari wa zimamoto nao wafundishwe nyaya zile za machungwa ziko wapi, kwa sababu gari la mseto lililopata ajali laweza kuwa kimya na bado liko hai. Toyota ilitangaza mwaka 2019 kuziachia bure karibu hataza 24,000 za teknolojia hii. Mlango uko wazi. Anayetakiwa ni mtu wa kuingia.

Na wasiseme kwamba haya ni makubwa kwa Waafrika. Mwaka 2014, vijana na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walitoa gari la mseto walilolibuni, wakaliita Kiira EV Smack. Sisi wenyewe tuna Nyumbu, Kibaha, mahali ambapo katika miaka ya themanini liliundwa lori la Kitanzania katika siku ambazo dukani hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Mwalimu wa fizikia wa kidato cha nne mwenye gari la mseto uwanjani mwa shule ana maabara ya magurudumu manne: mota, jenereta, uhifadhi wa nguvu, vyote vinaonekana katika kioo kidogo mbele ya usukani, mishale ikionyesha nguvu inatoka wapi na inakwenda wapi. Mkuu wa shule asimzuie kuwaita wanafunzi walione.

Nimalizie kwa jambo dogo kwa wale ambao tayari wanayo magari haya. Betri kubwa hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Katika Prius hewa hiyo huvutwa na feni kupitia matundu yaliyo pembeni ya kiti cha nyuma. Katika Aqua yako chini ya kiti hicho. Vumbi letu la Dodoma na Singida huyaziba, feni hukosa hewa, betri hupata joto na kufa kabla ya siku zake. Leo jioni mkifika nyumbani, yatafuteni matundu hayo. Ondoeni mikoba na nguo zilizoyafunika, na fundi akifungua kiti ayasafishe pamoja na feni yenyewe. Kazi hiyo haifiki saa moja.

Sasa niko tayari kwa maswali yenu.